Sifa Njema za Swichi ya Stendi

Pikipiki kuukuu ikigoma kuwaka asubuhi, lawama huanzia kwa betri, hupitia kwa plagi na kabureta, humfikia hata aliyeiuza, na mwisho kabisa, fundi akishang'oa kiti na kufuata waya mmoja baada ya mwingine, hutua kwenye kidude cha plastiki kilichofungwa juu ya mguu wa stendi ya pembeni. Kikishajulikana, hukumu yake hupita papo hapo. Fundi hukata nyaya zake mbili, huzisokota pamoja, huzungushia utepe mweusi, na pikipiki hunguruma. Hakuna anayekisikitikia. Makala haya yanakusudia kukitetea kidude hicho pamoja na ndugu zake wawili, swichi ya klachi na swichi ya frii, kwa hoja moja tu: kwamba katika pikipiki nzima, yenye mamia ya vipuri vinavyomtii dereva bila kuuliza swali, hivi vitatu ndivyo pekee vyenye ujasiri wa kumwambia hapana, na humwambia wakati bado hapana hiyo haimgharimu chochote zaidi ya hasira.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaochukia swichi hizi hawajui zinafanya nini. Mota ya stata hula umeme mwingi mno kupitishwa kwenye kitufe kinachobonyezwa kwa kidole gumba. Kwa hiyo kitufe huamsha rilei tu, na rilei ndiyo inayoifungulia mota njia ya betri. Lakini huo umeme mdogo wa kuamshia rilei lazima umalize safari yake kwenye upande wa hasi, na ni kwenye njia hiyo ya marejeo ndipo wahandisi wa Kijapani walipomweka karani wao. Katika Honda nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980, njia ni mbili. Ya kwanza hupita kwenye swichi ya frii, iliyokazwa kwenye ubavu wa injini, ambayo huruhusu umeme pale tu ambapo hakuna gia iliyoingia. Ya pili hupita kwenye swichi ya klachi, kidubwasha kilichojificha chini ya mkono wa klachi, kisha kwenye swichi ya stendi. Aliye frii apite. Asiye frii abane klachi na akunje stendi kwanza. Kati ya njia hizo hukaa diodi moja ambayo, pamoja na mambo mengine, huzuia taa ya kijani ya frii isiwake ovyo kila klachi inapobanwa. Hapo pana jambo la kutafakari: mtu fulani mezani kwake aliona si haki taa ndogo ya dashibodi iseme uongo, akaongeza kipuri kizima ili isiseme. Suzuki za mfululizo wa GS zilikuwa na karani mkali zaidi, ambaye hata ukimwonyesha kwamba uko frii bado alitaka klachi ibanwe. Na swichi ya stendi ina mamlaka ya ziada ambayo wenzake hawana. Injini ikiwa tayari inazunguka, mtu akatia gia huku stendi ingali chini, hukata umeme wa plagi na kila kitu kikanyamaza.

Nimesema karani, na sifa ya kwanza ya karani huyu ni kwamba hatambui vyeo. Mwenye pikipiki, deiwaka wa jioni, fundi, mtoto anayechezea vitufe barazani, wote huulizwa maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Mtoto ndiye anayestahili kutajwa zaidi. Pikipiki haina breki ya mkono, kwa hiyo madereva wengi wakiegesha penye mteremko huiacha ikiwa kwenye gia ya kwanza ili isiteleze. Ikiwa na stata ya umeme isiyo na mlinzi yeyote, na ufunguo umesahauliwa mahali pake, kugusa kitufe tu kunatosha kuirusha mbele: mota ya stata yenyewe, kabla injini haijawaka, ina nguvu ya kuisogeza na kuiangusha juu ya aliyeigusa. Zama za kupiga kiki jambo hili lilikuwa gumu kutokea kwa bahati mbaya, maana kuiwasha kulitaka paja zima. Stata ndiyo iliyofanya kazi ya paja kuwa kazi ya kidole, na ndiyo iliyolazimu awepo mtu wa kuuliza kidole hicho ni cha nani na kina nia gani.

Lakini utukufu wa swichi ya stendi uko barabarani, na hasa barabara zetu. Stendi ya pembeni huwa kushoto. Pikipiki ikikata kona hulala upande wa kona, na ikilala kushoto huku stendi iko chini, ncha ya chuma hugusa lami, tairi la nyuma hupungukiwa uzito au huinuka kabisa, na dereva aliyekuwa akigeuka anajikuta anakwenda moja kwa moja, au anakwenda chini. Sasa angalia tunavyoendesha. Kenya, Uganda na Tanzania tunashika kushoto. Anayetoka kijiweni, dukani au kwenye kituo cha mafuta na kuingia barabarani, kona yake ya kwanza mara nyingi ni ya kushoto, tena ni kali, tena huikata akiwa bado anapanga abiria na kuhesabu chenji, dakika ile ile ambayo stendi iliyosahauliwa ingali chini. Dereva wa Goma, Kigali au Bujumbura, anayeshika kulia, mara nyingi huanza kwa kulalia kulia, na stendi humpa muda kidogo kabla ya kumdai. Sisi wa kushoto hatuna muda huo. Swichi iliyoundwa mbali na hapa, bila kutufikiria hata kidogo, imetufaa kuliko vitu vingi tulivyoundiwa sisi wenyewe.

Mtu atasema dawa ya stendi iliyosahauliwa haihitaji umeme, na ni kweli kwamba dunia ilijaribu dawa nyingine kwanza. Nchini Marekani, kanuni ya usalama wa magari namba 123, iliyoanza kutumika 1974, ilitaka stendi ikigusa ardhi wakati pikipiki inakwenda mbele ijikunje yenyewe kwa kurudi nyuma na juu. Honda walitimiza sharti hilo kwa kipande cha mpira kwenye ncha ya stendi: mpira hushika lami, lami huisukuma stendi, stendi hukunjika. Ni ufumbuzi mzuri mpaka mpira uishe, na mpira wa stendi huisha bila mtu kuuangalia. BMW za zamani zilikuwa na stendi ya springi iliyojikunja yenyewe mara tu uzito ulipoondoka juu yake. Ufumbuzi huo nao ulikuwa kamili kwa upande wa barabara. Taabu yake ni kwamba anayeisukuma pikipiki kidogo tu ikiwa imeegeshwa huondolewa stendi na kubaki ameshika zaidi ya kilo 200 kwa mikono. Jumuiya ya Ulaya, katika agizo lake la 1993 kuhusu stendi, iliuamua mjadala kwa namna ya kihakimu: ama stendi ijikunje yenyewe, ama injini isiweze kuiendesha pikipiki stendi ikiwa imefunguliwa. Karani akawa amepata barua ya ajira.

Tuje kwenye shitaka zito, kwamba swichi hizi huharibika. Zinaharibika, sitabisha. Ya stendi imewekwa mahali pabaya kuliko pote, karibu na matope na mafuta ya mnyororo, chini kabisa ambako maji ya dimbwi hufika kwanza. Lakini sikiliza jinsi inavyoharibika. Kutu ikiingia kwenye migusano au waya ukikatika, kwa kawaida njia hufungwa, na pikipiki hukataa kwenda. Breki ikichakaa, wewe ndiye unayegundua, tena ukiwa mwendoni. Swichi ikichakaa mara nyingi hukwama na wewe nyumbani, imesimama, na mpo wote wawili wazima. Kifaa ambacho hata ugonjwa wake unaelekea upande wa tahadhari kina adabu ambayo watumishi wengi hawajaifikia. Wala hakikuachi bila msaada. Swichi ya frii ikifa, bana klachi na ukunje stendi, itawaka. Swichi ya klachi ikifa, tafuta frii, isipokuwa kwenye zile Suzuki. Zote mbili zikifa siku moja, kiki kama ipo au kuisukuma kutaiwasha, kwa kuwa kwenye nyingi za pikipiki hizi mbili hizo huzuia stata tu. Ni ya stendi peke yake ambayo ikigoma inaweza kuzima hadi plagi, na hata hiyo hutoa taarifa kwa mwenye masikio: pikipiki inayowaka vizuri ikiwa frii na kuzima pale pale unapotia gia, huku stendi ikiwa juu, imekwisha kukuambia pa kuangalia. Wangapi wamenunua betri mpya kwa sababu hawakuuliza swali hilo rahisi!

Na hesabu yenyewe inayotumiwa kuzishitaki ni hesabu ya upande mmoja. Siku swichi ilipokwama hukumbukwa na kusimuliwa. Siku ilipozima injini kwa haki, dereva alitukana kimoyomoyo, akakunja stendi kwa kisigino, akaondoka, na kabla ya kufika kona alikuwa amesahau.

Linabaki shitaka la mwisho, ambalo ndilo linaloumiza zaidi: karani huyu mwenye msimamo hupokea chai. Hongo yake ni kipande cha waya kifupi kuliko kidole, na akishakipokea haulizi tena lolote maishani mwake. Ni kweli, na ni aibu. Ila katika hongo hii mtoaji na muumiaji si lazima wawe mtu mmoja. Aliyeunganisha waya anajua kwamba mlinzi hayupo tena, kwa hiyo huenda atajihadhari. Kisha pikipiki hupewa deiwaka, huuzwa mkoa mwingine, hubadilisha mikono mara tatu, na kila anayeipanda huamini kwamba ikisahaulika stendi, injini itamkumbusha, kwa sababu ile aliyojifunzia ilimkumbusha. Hakuna mahali kwenye kadi ya pikipiki pa kuandika kwamba swichi imefungwa mdomo. Fundi anayesema "nimekuungia moja kwa moja, haitakusumbua tena" anasema kweli kwa aliyemlipa tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayekwenda kuangalia pikipiki ya mtumba ya aina iliyoundwa na swichi hii, usiishie kusikiliza injini na kukagua tairi. Ikanyage breki ya nyuma, iwashe ikiwa frii na stendi chini, bana klachi kabisa, kisha tia gia ya kwanza. Ikizima, usimruhusu muuzaji akuombe radhi, mlipe. Isipozima, iangalie swichi yenyewe, fuata nyaya zake, na ukikuta utepe mweusi, mwambie apunguze bei ya swichi mpya na ya kuifunga.