Kiatu Kitalegea

Mtalii akishuka Mtemere, lango la mashariki la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, utamjua kwa miguu. Kavaa mabuti ya kupandia mlima, kamba zimezungushwa mpaka juu ya vifundo, na kazi yake kutwa nzima ni kukaa ndani ya gari kumtazama twiga. Kilomita chache kutoka hapo, sisi wa Mloka, tunaokwenda kwa miguu shambani, mtoni, sokoni na shuleni, tumevaa ndala. Sijui ni nani aliyegawa viatu duniani, lakini alipofika Rufiji alikuwa na haraka zake.

Siwezi kuisema ndala vibaya. Ikinasa kwenye tope la masika unaivuta, ikikatika kamba unaitia msumari, safari inaendelea. Ila mimi ni mwalimu. Nasimama mbele ya ubao tangu kengele ya kwanza, na mwalimu anatakiwa avae kiatu cha heshima. Kiatu cha heshima, kwa jinsi ninavyokielewa mimi, ni kile ambacho kila mtu anakifurahia isipokuwa anayekivaa.

Maumivu yalinianza mbele ya wayo, chini ya vidole, pale mguu unapokunjika ukitaka kuinua hatua. Ukikanyaga ni kama una kokoto ndani ya kiatu. Unavua, unakung'uta, hakitoki kitu. Unavaa, kokoto lipo. Wanafunzi wangu walidhani kukung'uta viatu katikati ya somo la hesabu ni sehemu ya somo, na mmoja akaanza kukung'uta vya kwake.

Nikaenda zahanati. Daktari (kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, na wenyewe hawakatai) hakunigusa mguu kwanza. Alitazama viatu nilivyovua, vyeusi, vimechongoka mbele, vina kisigino cha kutosha kumfanya mtu mfupi aheshimiwe. Akavitazama kama polisi anavyomtazama mtu aliyewahi kumkamata. Kisha akanieleza. Mguu mmoja una mifupa 26. Mitano mirefu inakuja mpaka kwenye vidole, na vichwa vyake ndivyo vinavyopokea uzito unapopiga hatua. Kadiri kisigino kinavyopanda, ndivyo uzito unavyomiminikia mbele. Kiatu kikiwa chembamba huko mbele, vichwa hivyo vinasukumana, na mshipa wa fahamu unaopita katikati yake unabanwa. Mara nyingi ni ule ulio kati ya kidole cha tatu na cha nne. Ukivimba, unasikia moto, ganzi, au hilo kokoto lisiloonekana. Tangu mwaka 1876 Thomas Morton, daktari wa Philadelphia, alikwisha kuyaandika maumivu haya, na hadi leo watu tunayafuata dukani kwa pesa zetu.

Aliniuliza pia kama nina kisukari, na hapo hakutania. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia miguuni, akatembea kutwa na kokoto la kweli asijue, na jioni akakuta kidonda. Mtu huyo atie mkono ndani ya kiatu kila siku kabla ya kuvaa, na akipata ganzi au kidonda aende hospitali, asisubiri. Mimi sukari yangu ilikuwa sawa. Nilipewa panadol na amri ya kubadilisha viatu.

Amri hiyo ilikuja wiki mbaya, kwa sababu mpwa wangu alikuwa anaolewa Ikwiriri na mwenyekiti wa kamati ya sare alikuwa wifi yangu. Wifi alishanunua viatu Kariakoo, vya dhahabu, vya mchuchumio, mashangazi wote vinafanana.

"Wifi, mbona vinabana?"

"Vitalegea."

"Vitalegea lini, na harusi ni Jumamosi?"

"Wifi yangu, urembo gharama."

Nikapanda basi nimevaa ndala, vile vya dhahabu viko kwenye mfuko wa rambo. Hapo ndipo kuna jambo ambalo muuza viatu hakwambii: mguu unajaa. Ukikaa muda mrefu kwenye kiti, magoti yamekunjwa, joto la bonde la Rufiji limekupata vizuri na ndoo ya samaki wa abiria mwenzio imekuzuia usinyooshe hata unyayo, maji ya mwili yanashuka miguuni. Nilifika Ikwiriri na miguu ambayo sikuondoka nayo Mloka. Kuiingiza kwenye mchuchumio tulishirikiana watu watatu na mafuta ya nazi. Mashangazi wakaanza kuingia ukumbini kwa madaha, nami nikaingia natembelea visigino, vidole nimeviinua juu visiguse chini. Mpiga picha alinipenda mno. Kwenye picha nimetabasamu, ila ukiikuza utaona kwamba nimeuma meno.

Niliporudi, kila mtu akawa na tiba. Mzee jirani yangu, msikilizaji mkubwa wa redio, aliiona shida yote kuwa ni ya kujitakia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, vua hivyo viatu. Sisi tumekua peku. Abebe Bikila alivaa nini kule Roma?"

Kweli, hakuvaa kitu. Mhabeshi yule alishinda mbio ndefu za Olimpiki za mwaka 1960 bila viatu, kwa kuwa vile alivyopewa havikumkaa vizuri. Lakini Bikila alikimbia Roma, hakukimbia Mloka. Hapa kuna miiba ya migunga, kuna nge, na kuna minyoo ya safura, ambayo hungoja kwenye udongo wenye unyevu ipite kwenye ngozi ya unyayo. Nikamjibu kwa adabu kwamba miaka minne baadaye, Tokyo, Bikila alivaa viatu, na akashinda tena.

Mzee akafikiri. "Basi vile vilikuwa namba yake," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Namba yake, sawa, lakini namba haisemi yote. Inasema urefu, na hata huo kila kiwanda kinaupima kwa namna yake. Upana haiutaji kabisa, na mguu unaouma mbele unaumia upanani. Kwa hiyo nilitengeneza kipimo. Nikapasua boksi la biskuti, nikasimama juu yake wima, maana mguu uliobeba mwili unatanuka kuliko ule wa mtu aliyekaa, na binti yangu akauchora kwa kalamu. Tuliuchora wa kulia, ndio mkubwa. Watu wengi wana mguu mmoja uliomzidi mwenzake, na kiatu kinunuliwe kwa kumtii mkubwa. Nikaukata kwa mkasi, nikautia kwenye pochi, nikamfuata muuza mitumba baada ya alasiri, wakati mguu umekwisha kujaa wa kujaa.

Nilipotoa ule mguu wa boksi, mteja wa pembeni alisogea hatua mbili.

"Mwalimu," muuzaji akaniuliza taratibu, "mwenye huo mguu yuko wapi?"

Nikauingiza kwenye moka nyeusi inayong'aa. Ukajikunja kingo zote mbili. Nikamwonyesha kwamba hivi ndivyo vidole vyangu vinavyofanywa humo ndani kila siku, ila boksi halilii. "Ngozi hiyo, itatanuka," akasema. Nikajaribu nyingine. "Hiyo pia italegea." Kila kilichonibana kilikuwa karibu kulegea, na kila kilichonipwaya kilikuwa kinasubiri soksi. Kiatu cha kutosha siku ya kununua, inaelekea, hakina soko.

Chini kabisa ya robota kulikuwa na raba ya kijivu, pana mbele, ya mwanamume. Boksi lilitulia ndani yake likiwa limenyooka, na mbele pakabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nikaikunja: ikakunjika kwenye vidole, si katikati, maana kiatu kinachokunjika katikati hakikubebi, mnabebana. Nikaisokota kama nguo inayokamuliwa, ikakataa. Nikabonyeza soli chini ya vidole, ilikuwa nene na bado ina uhai. Kisha nikang'oa soli ya ndani, na hapo nikamkuta mwenye kiatu. Alama zake zote tano zilikuwa pale, nyeusi, gumba limechimba shimo lake, kidole kidogo kimeegemea ukuta. Mtu wa Ulaya nisiyemjua, lakini najua alikanyagia upande. Soli hiyo niliitupa, kwa sababu sikuwa na nia ya kutembea katika mashimo ya mtu mwingine. Muuzaji aliniuliza kama nanunua au nafanya upasuaji. Akataka 15,000, tukaachana kwa 12,000.

Kulikuwa na kipimo kimoja ambacho sikumwambia. Kwetu tembo wanaingia vijijini, na wanaingia bila kupiga hodi. Kiatu cha Mloka lazima kikimbilike. Nilizunguka nyuma ya banda nikajaribu, na watoto wakanikimbiza wakidhani ni mchezo.

Hatua ya mwisho ilikuwa kwa fundi viatu, chini ya mwembe. Daktari alisema mguu wa aina yangu unasaidiwa na kibonge kidogo kinachowekwa ndani, kiinue ile mifupa mirefu kabla ya vichwa vyake, vipumue. Kazi hii inasomewa: pale KCMC, Moshi, kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya miguu tangu 1981. Fundi wetu amesomea palepale chini ya mwembe. Akakata kipande cha ndala kuukuu, akakichonga mviringo, akakipiga msasa, akakigandisha chini kabisa ya panapouma. "Dawa iende kwenye ugonjwa," akasema. Nikapiga hatua moja, nikashika mti. Nikamwomba akirudishe nyuma kidogo, upande wa kisigino. Akakirudisha kwa masikitiko ya mtaalamu aliyepuuzwa. Nikasimama. Nikatembea mpaka barabarani na kurudi. Lile kokoto la miezi yote halikuwepo.

Nilizivaa raba zile shuleni na gauni, na mwalimu mkuu alizitazama mara moja tu akanyamaza. Nikazivaa kwenye maulidi pia. Nikaziacha mlangoni katika ule mlima wa viatu, na nilipotoka usiku hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na viatu vyeusi vya kike, vimechongoka mbele. Nilirudi nyumbani na ndala za kuazima.

Kesho yake mama mmoja wa makamo alikuja na raba zangu, amezifuta vumbi na kuzifunga kwenye kanga.

"Nisamehe, mwalimu. Giza, nikavaa hizi zako nikidhani ni za mwanangu. Ila pole, ulikuwa unatembeaje? Humo ndani kulikuwa na kitu kigumu, kinachoma. Nimehangaika nacho kwa kisu mpaka kimetoka."

Nikamshukuru, na chai akanywa. Fundi alipoona nimerudi na soli ina tundu, hakuuliza. Alikata ndala nyingine, na bei ikapanda.

Basi wewe utakayealikwa kwenye shughuli yoyote upande huu wa Rufiji, ukitoka nje gizani, washa tochi ya simu kabla hujavaa. Na ukijikuta umevaa raba pana ya kijivu, yenye uvimbe katikati ya wayo, tafadhali usiguse kitu. Iache pale mlangoni, mwenyewe nakuja.