Wamechukua Nguzo, Wameniachia Visiki

Ukiuza milingoti ikiwa bado imesimama, kama tufanyavyo wengi huku Mufindi, mnunuzi anakuja na chensoo zake, iliyonyooka anaichukua kwa nguzo, iliyopinda anaikata mirunda na kuni, kisha anakuaga kwa heshima zote. Visiki havimo kwenye mkataba. Sijawahi kusikia mnunuzi wa visiki. Na mlingoti haufi kwa sababu tu umekatwa. Mvua za kwanza zikigusa, kila kisiki kinatoa machipukizi kama mdai aliyesikia umepokea mshahara.

Mngeniambia niviache vichipue nivune tena nguzo, na hilo lina maana. Lakini ukoo umekaa kikao ukaamua tupande parachichi. Njombe wamepanda, majirani wamepanda, kwa hiyo na sisi lazima tupande, na mche wa Hass huwezi kuuweka jirani na mizizi ya mlingoti ukategemea utapata maji. Halafu likasemwa lile neno lililonimaliza: “Si una trekta?”

Trekta lenyewe ni dogo, la nguvu farasi 25. Likiwa zima ni la ukoo, likiharibika ni langu. Na mwenye jembe hana washauri, ila mwenye trekta anao mpaka sokoni.

Wa kwanza alikuwa shemeji. Ushauri wake: funga cheni, kanyaga mafuta. Sasa trekta la namna ile ni jepesi, na kisiki kimeshikwa na ardhi ya kijiji kizima. Ukifunga cheni juu, kwenye mkono wa juu wa haidroliki, magurudumu ya nyuma yakishindwa kuzunguka, trekta ndilo linalozunguka: pua inaenda mbinguni, dereva anaenda chini yake, na yote hayo yanakwisha kabla hajamaliza kumwita mama yake. Kama ni lazima kuvuta, cheni inafungwa kwenye kile chuma cha kuvutia kilicho chini ya ekseli, na hata hapo ni taratibu. Nilimkaribisha shemeji akanyage yeye mafuta. Akakumbuka ana msiba Mafinga.

Nikaenda mjini kwa wauza vifaa vya kufunga kwenye matrekta. Kijana wa dukani ananiita “baba” kila anapotaja bei, na “mzee wangu” kila anapokwepa swali. Akaanza na mashine ya kusagia visiki. Inakaa nyuma, inazungushwa na shafti ya PTO mizunguko 540 kwa dakika, ina gurudumu lenye meno magumu linalokila kisiki kutoka kushoto kwenda kulia mpaka kiwe unga. Mashine nzuri, sikatai. Lakini inasaga kichwa, sentimita 20 au 30 chini ya udongo, na meno yake hayapatani na mawe.

“Na mizizi je?”

“Mzee wangu, hiyo itaoza yenyewe.”

“Lini?”

“Baba, tukupunguzie kidogo?”

Akahamia kwenye ndoo ya visiki: nyembamba, ndefu, yenye meno mbele, unachimbia kandokando ya kisiki na kukikwanyua. Inafungwa kwenye loda. Loda sina. “Basi tuanze na loda, baba.” Nikamuuliza loda ya trekta la farasi 25 inanyanyua kiasi gani, akanijibu inategemea. Inategemea kweli, maana kunyanyua nusu tani ya samadi iliyolegea ni jambo moja, na kukwanyua kisiki ambacho mizizi yake bado inaishi ni kupinda mikono ya loda.

Kisha akafunua turubai, nikaona kijiko kidogo cha kufunga nyuma. Hapo ndipo nilipotulia. Kijiko ndicho dawa: kinachimba kuzunguka, kinakata mzizi mmoja mmoja, kinasukuma kisiki upande ule kinaita upande huu. Nikauliza bei. Nilipoisikia, nikaona ni heri niseme nimenunua kijiko na trekta nikapewa kama nyongeza.

Mimi kama ningeulizwa, ingawa huku kwetu anayelipa haulizwi, ningesema ripa ya jino moja. Ni chuma rahisi, fundi yeyote anakielewa, na unazunguka nayo kisiki ukikata mizizi ya pembeni badala ya kugombana na shina. Haing'oi kitu, inapunguza ubishi tu. Ripa tuliyonayo ilikuja na boliti laini, imewekwa makusudi ikatike mzizi ukiwa mgumu, ili chuma kipone. Boliti zikawa zinakatika, kama zilivyoagizwa. Fundi wetu akaniona nabadilisha, akanihurumia. Siku nilipokuwa kanisani akaichomelea ile sehemu kwa welding, pande zote mbili, akapiga na rangi. “Sasa haitakusumbua tena, mzee.” Kweli haikunisumbua tena. Mzizi wa kwanza iliokutana nao, jino lilipinda likatazama lilikotoka, na mkono mmoja wa haidroliki ukalifuata. Fundi akaja akatazama, akatikisa kichwa, akasema vyuma vya siku hizi ni feki. Kisha akanitajia bei ya kunyoosha.

Jioni ile nikapita kwa mzee mmoja, nikamwamkia shikamoo, nikategemea pole. Akanipa Kongwa. Waingereza walikwenda Kongwa mwaka 1947 na mpango wao wa karanga, akasema, wakaagiza matrekta, wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na vichaka vya Ugogo vikawavunjia vyuma. Kufika 1951 wameacha, na zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda. “Sasa wewe na hicho kibaiskeli chako.” Nilitaka kumjibu kwamba Kongwa kulikuwa pia na ukame na udongo unaokauka ukawa kama sakafu, si mizizi peke yake, lakini ukishaamkia mtu shikamoo ubishi unakuwa mgumu.

Sasa wamekuja vijana wawili na sururu, mashoka na mtaimbo mmoja. Trekta wameliomba, la kubebea tu. Wamezunguka shamba lote wakigonga visiki kwa kisigino cha shoka, huku wanaguna. Wanataka malipo ya kisiki kwa kisiki, jambo ambalo nimelikubali, ila kila chenye machipukizi mawili wanakihesabu kuwa ni visiki viwili. Shemeji amerudi kutoka msibani, na anaona wako sahihi.