Probox Juu, Miraa Butini

Mzee jirani alisimama langoni, akavua kofia. "Muga, Mwalimu. Poleni sana kwa msiba." Nyuma yake mkewe alikuwa amebeba kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai.

Nilichelewa kuelewa. Nilipogeuka ndipo nikaona alichokiona yeye kutoka barabarani: shimo la mstatili katikati ya gereji yangu, kingo zimechongwa vizuri, udongo umerundikwa kando, na vijana wawili wameegemea sepetu, kimya. Walikuwa wamechoka tu. Ardhi yetu ni ya volkeno za Nyambene. Juu ni laini, ukishuka kidogo unakutana na mwamba usiojali umekula nini asubuhi. Isitoshe, hapa kwetu Nchiru ni makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, wale wale waliotoa ardhi ya chuo kikuu cha hapa. Hapa shimo halichimbwi bila kuulizwa.

Sukari tuliipokea. Kuirudisha kungekuwa kumvunjia mzee heshima, na tena ilikuwa imetuishia.

Yote hayo yaliletwa na mlio. Probox yangu ilikuwa imeanza kulia ngwe-ngwe-ngwe kwa chini kila nilipopita matuta ya barabara ya Maua. Mwenye akili zake angeipeleka kwa mekanika. Mimi nafundisha fizikia. Nikaamua kuweka lifti ya gari, ile ya mkasi inayozikwa sakafuni, ambayo ikishuka inalala sawa na saruji hata ukaanika mahindi juu yake.

Nilimweleza mke wangu, Mama Kendi, kitaalamu. Kwamba Blaise Pascal, huko Ufaransa katika karne ya 17, alionyesha kuwa kimiminika kilichofungiwa ukikikandamiza mahali pamoja, msukumo husambaa kote, ndiyo maana pampu ndogo huinua gari zima. Kwamba miaka ya 1920 Peter Lunati wa Memphis, Marekani, aliunda lifti ya magari baada ya kutazama kiti cha kinyozi kikipanda.

"Baba Kendi," akasema, "kwa hivyo karo ya muhula mzima inanunua kiti cha kinyozi?"

Shimo lilitakiwa kuwa na kina cha sentimita 35. Nilimwachia fundi karatasi ya vipimo, nikaenda shule. Niliporudi saa kumi niliona kofia. Kofia tu, ikitembea. Fundi alikuwa amechimba kimo chake mwenyewe, kwa kuwa maisha yake yote shimo la gereji ni lile mekanika anasimama ndani akiangalia gari kwa chini. "Mwalimu," akaniambia kutoka huko, "sentimita 35 si shimo. Hapo unapanda mgomba." Ndilo shimo hilo lililomleta mzee na sukari yake.

Tukalijaza mawe, tukamwaga zege, nikasubiri siku 28 likomae, ingawa kila mpita njia aliniambia tatu zatosha. Mvua za Novemba zikaja. Mtaro wa kutoa maji nilikuwa nimeuchora, kuuchimba nilisahau. Bata wa jirani hawakusahau.

Lakini lifti ilifanya kazi! Naomba hilo liandikwe.

Jumamosi moja ya Desemba tulikuwa tunampelekea mpwa wangu posa upande wa Laare. Wajomba wamefika na makoti yao, mbuzi amefungwa kwenye mparachichi, na kitita cha miraa, kimefungwa kwa majani ya mgomba, kiko butini. Bila hicho mazungumzo hayafunguki, na miraa haikai. Siku mbili imeshakuwa kuni. Nikasema, wazee, dakika tano niwaonyeshe kitu. Nikabonyeza. Probox ikapaa polepole, vyuma vya usalama vikilia tak, tak, tak, hadi ikapita kichwa changu. Wajomba wakapiga makofi.

Stima ikapotea.

Mjomba mkubwa, mtu aliyefuga ng'ombe miaka 50 bila kubonyeza chochote, alitaka kuelewa. Nikamweleza kwamba vile vyuma vikishang'ata, gari halishuki mpaka kwanza lipande kidogo viachie.

"Yaani ili lishuke, lipande?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na ili lipande?"

"Stima."

Akaenda akasimama chini ya nguzo ya umeme, akaitazama kama anayemngoja mkwe.

Tukaleta ngazi ya kuchumia makadamia. Mlango wa buti ukagoma kufunguka, umezuiwa na mabati, kwa hiyo bwana harusi mtarajiwa, suti na viatu vya ncha, aliingia kwa mlango wa pembeni, akatambaa juu ya viti na kukivuta kitita kwa meno na maombi. Mama Kendi alisimama chini kukipokea. Alipokwisha kukipokea alibaki ameangalia juu. Akanyoosha kidole, akaligusa bomba la moshi.

Ngwe-ngwe-ngwe.

"Mlio wako si huu?"

Mpira unaoning'iniza bomba ulikuwa umekatika. Akaokota kipande cha waya alichoacha fundi wa zege, akakizungusha mara tatu, akapangusa mikono kwa leso yangu, akapanda boda boda. Mbuzi alipewa boda yake.

Nilibaki nyuma kufunga gereji kwa kufuli, sijui nikimzuia nani.