Tela la Shemeji

Katika mji wa Kisangani, ambamo baiskeli za toleka hubeba abiria, magodoro, madumu ya mafuta ya mawese na hata wagonjwa wanaopelekwa hospitali, gari la spoti la milango miwili, lililoinama mithili ya mtu atafutaye sindano iliyoanguka, ni kitu cha kutazamwa zaidi kuliko kupandwa. Shemeji yangu analo moja. Lilizaliwa Japani, likatumika huko mpaka wenyewe wakalichoka, likashushwa Mombasa, likapita Kampala, likatufikia na usukani wake kuume, hali sisi nasi twaendesha upande wa kuume, hata ikawa kila atakapo kulipita lori sharti amwulize mkewe, aketiye kushoto, kama njia i wazi. Mkewe ni dada yangu. Naye, kwa kuwa ana watoto wa kulea, jibu lake halijabadilika tangu gari lije, na shemeji hajapata kulipita lori hata moja.

Mtu huyu aliona katika picha za Ulaya magari madogo yakivuta matela madogo yenye hema na vyombo, wenyewe wakienda kulala porini kwa hiari yao, na tangu hapo hakutulia. Alimwendea fundi wa kulehemu, akaagiza tela la ekseli moja; na fundi, ambaye hakuambiwa litavutwa na nini, alitumia magurudumu ya pikapu iliyokwisha kufa, mbao za mti mgumu, na shingo ya chuma ambayo ingetosha kuvuta meli. Ikaazimiwa twende Wanie-Rukula, kiasi cha kilomita 60 kwa barabara ya Lubutu, palipo na mojawapo ya maporomoko saba ya Boyoma katika mto Kongo.

Insafu yanitaka niseme kwamba kukokota mizigo kando ya maporomoko hayo si uzushi wa shemeji. Mnamo Januari 1877 mpelelezi Stanley alipita hapa na mashua yake, Lady Alice, na waliofyeka msitu na kuikokota pamoja na mitumbwi mizito, poromoko baada ya poromoko, walikuwa Waungwana wa Unguja na wenzao, ambao majina yao hayakupewa mahali popote katika ramani. Mwaka 1906 ikafunguliwa reli ya kilomita 125, kutoka ng'ambo ya kushoto ya mji mpaka Ubundu, kwa sababu ile ile ya kwamba maji hayo hayapitiki. Basi shemeji alikuwa akijiunga na silsila ya watu wa kuheshimiwa, ila wale waliomtangulia walikuwa na dharura.

Tela la ekseli moja lina kanuni yake. Mzigo ukielemea nyuma, shingo huinuka na tela huyumba kwa nguvu ya kulitupa gari mtaroni. Ukielemea mbele, mkia wa gari hukandamizwa. Kwa hiyo wajuzi husema yapata sehemu moja ya kumi ya uzito wote ndiyo ikalie kulabu. Dada yangu hakuwa na habari na kanuni hiyo, wala asingeitii. Alipakia jiko la makaa, gunia la ndizi, godoro, na kinu na mchi wake, kwani kwake safari isiyo na lituma, yaani ndizi za kutwanga, si safari, akavipanga vyote mbele kabisa ili visidondoke. Bomba la moshi likagusa ardhi, pua ya gari ikaelekea mbinguni, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yaendeshayo gari lile, yakawa yanaigusa barabara kwa adabu tu.

Kwenye mlima wa kwanza wa udongo mwekundu, uliolowa mvua ya alfajiri, magurudumu yalizunguka na gari halikwenda. Mtu wa toleka, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye madumu matatu ya mawese, alitufikia, akatuamkia kwa heshima zote, akatupita. Ndipo vijana wawili wenye miili walipojitokeza, wakatutazama, wakapatana bei na shemeji, wakaketi juu ya boneti, nyuso zao zikituelekea kiooni, mmoja akitafuna karanga taratibu na kutema maganda upande wa dereva. Gari likashika njia. Sijapata kuona popote pengine abiria akilipwa nauli.

Ya kurudi nyuma sitayarefusha. Tulikutana na lori palipo pembamba, likatudai njia, na tela kadiri lilivyo fupi ndivyo ligeukavyo upesi kinyume cha usukani. Shemeji alipokwisha kulikunja mara kadhaa, tulilifungua, tukalisukuma kwa mikono, huku utingo wa lori akituelekeza kwa Kiswahili, Kilingala na matusi.

Jua likikuchwa tukapiga hema karibu na kijiji. Sasa, katika nchi hii iliyoona vita, hema lajulikana kuwa la watu wa namna mbili: waliokimbia makwao, na watumishi wa mashirika wanaowahesabu. Kapita, mkuu wa kijiji, alikuja, mzee mpole mwenye fimbo.

"Poleni, wanangu. Mmekimbia nini?"

"Hatukukimbia, baba."

"Basi ninyi ni wa shirika gani? Iko wapi karatasi ya misioni?"

Shemeji akamweleza kwamba hatuna shirika wala karatasi, tumekuja kupumzika. Mzee alitafakari kitambo, akalitazama gari, akalitazama godoro, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nyumba yetu ya Kisangani imeanguka. Tulipomhakikishia kuwa yasimama, alikataa katakata watu wenye nyumba walale nje katika kijiji chake, akatupa chumba cha mwanawe, na hema likalaliwa na watoto, waliolifurahia kuliko sisi.

Siku hizi gari limefunikwa turubai uani. Tela amelikodi jirani auzaye makaa, vijana wake hulivuta kwa mikono kila siku ila Jumapili, na kodi yake ndiyo inunuayo petroli ya gari.