Sifa za Andiko la Mradi

Andiko la mradi ni maandishi yanayotungwa na chama cha wakutubi ili kumwomba mfadhili fedha, na katika maandishi yote ya fani ya ukutubi hakuna yanayotolewa jasho zaidi. Katalogi inaweza kungoja. Orodha ya vitabu visivyorudishwa inaweza kungoja, na muhtasari wa kikao kilichopita umeshazoea kungoja. Andiko la mradi halingoji, kwa kuwa lina siku yake ya mwisho. Hutungwa na watu watano, husomwa na wawili, na watungaji hawalipwi. Washairi wa Kiswahili wamesifu mnazi na jahazi lakini hili wameliacha, ingawa lina masharti makali kuliko ya tarbia: herufi 2,000 kwa kila kisanduku, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na anayezidisha hukatwa katikati ya neno bila kuonywa.

Nasaba yake ni ya heshima. Andrew Carnegie, aliyezaliwa Dunfermline huko Uskoti mwaka 1835 na kutajirikia Marekani kwa biashara ya chuma, aliujengea mji wake wa kuzaliwa maktaba iliyofunguliwa mwaka 1883. Baada ya hapo hakuacha. Kwa jumla fedha zake zilijenga maktaba 2,509, na 1,689 kati ya hizo zilijengwa Marekani. Sehemu kubwa ya ukarimu huo ilipita kwenye meza ya katibu wake, James Bertram, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. Mji ulioandika barua ndefu ya kuomba ulijibiwa kwa fomu. Una wakazi wangapi? Una maktaba sasa, na iko katika jengo gani? Kiwanja kipo? Na swali lililowatoa jasho madiwani: baraza la mji litatenga kiasi gani kila mwaka kuiendesha? Kiwango kilichozoeleka kilikuwa asilimia 10 ya fedha za jengo. Carnegie alitoa kuta na paa. Vitabu, mishahara na makaa ya kupashia chumba joto vilikuwa juu ya mwombaji. Mwaka 1911 Bertram alitoa kijitabu cha maelekezo kuhusu ujenzi wa maktaba, kikiwa na tahajia ya Kiingereza iliyorahisishwa, mradi mwingine uliokuwa ukilipiwa na tajiri huyohuyo. Hivyo hata makosa ya herufi yalikuwa na mfadhili.

Vyama navyo viligundua mapema kwamba si lazima kuwa na maktaba ili kupewa fedha za maktaba. Chama cha Maktaba cha Marekani, kilichoanzishwa Philadelphia mwaka 1876, kilipata kwa Carnegie dola 100,000 mwaka 1902, si kwa ajili ya jengo wala msomaji bali kwa kuchapisha orodha na miongozo ya vitabu. Huo ni ushindi ambao wakutubi wa dunia nzima wanautamani hadi leo: fedha za kuandika kuhusu vitabu.

Katika Afrika Mashariki fedha za Carnegie zilifika kupitia Shirika la Carnegie la New York, lililochangia ujenzi wa Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya mlowezi Sir Northrup McMillan. Jengo lilipata nguzo nzuri za mawe. Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi mwaka 1958, jambo linaloonyesha kwamba neno "walengwa" lilikuwepo kwa vitendo kabla halijapata safu yake kwenye jedwali la mradi. Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1956, na baadaye kila nchi ikawa na chama chake. Ripoti ya mkutubi Sidney Hockey ya mwaka 1960 kwa serikali za eneo hili ilifuatwa na sheria: Tanganyika ikaanzisha bodi ya huduma za maktaba mwaka 1963, Kenya mwaka 1965. Serikali zikabeba majengo na mishahara, kadiri ilivyowezekana. Vyama vikabaki na kile kilichobaki, yaani mikutano, semina, na kuomba.

Hapo ndipo andiko la mradi lilipopata nyumba yake halisi. Maktaba ina wasomaji wanaokatiza kazi kwa kutaka vitabu. Chama hakina usumbufu huo. Kina katiba, cheti cha usajili, mhuri na mweka hazina, na vyote vinne huombwa na mfadhili kama viambatisho, kana kwamba vilibuniwa kwa ajili hiyo. Kina pia ada za wanachama, na hizi ndizo hoja kuu ya kumtafuta mfadhili. Mkutubi wa Dar es Salaam anayepokea kadi ya mchango wa harusi hulipa kabla kamati haijampigia simu mara ya tatu, tena hulipa ya wawili ili aende na mwenzake. Ahadi yake husomwa kwenye kundi la simu, na kuichelewesha ni aibu kwa ukoo. Ada ya chama cha wakutubi, ambayo kwa mwaka mzima huwa ndogo kuliko kadi hiyo, hudaiwa kwa barua ya upole na haimwaibishi mtu. Kenya ina harambee iliyojenga shule na zahanati tangu siku za uhuru, lakini mgeni rasmi wa harambee hupenda kuonekana mbele ya jiwe la msingi, na chama cha taaluma hakina jiwe. Kwa hiyo andiko la mradi huwaokoa wanachama na fedheha ya kuchangiana. Mtu asiyewajua hulipa, nao huendelea kuheshimiana.

Sehemu ya kwanza ya andiko ni tamko la tatizo, na hakuna fani nyingine ambamo paa linalovuja ni mali. Vitabu vilivyopitwa na wakati, shule zisizo na chumba cha kusomea, mkutubi mmoja anayehudumia wilaya, mambo ambayo kwenye hotuba ya mgeni rasmi hutajwa kwa sauti ya chini, hapa hupangwa mbele kwa fahari. Ufundi uko kwenye kipimo. Tatizo likiwa dogo, mfadhili ataenda kwa jirani. Likiwa kubwa mno, atauliza chama kilikuwa wapi miaka yote hiyo. Mwandishi mzoefu huichora hali iliyoharibika vya kutosha kuhitaji fedha, lakini iliyo karibu kabisa kutengemaa, ikisubiri kiasi kilekile kilichotajwa kwenye tangazo la wito wa maombi.

Inafuata logfremu. Jedwali hili lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya Shirika la Misaada la Marekani, USAID, na tangu hapo limewafundisha wakutubi kutofautisha shughuli, zao, matokeo na lengo kuu, tofauti ambayo mtu anaweza kuishi maisha mema bila kuijua. Semina ni shughuli. Watu waliohudhuria ni zao. Kwamba sasa wanasoma zaidi ni matokeo. Kwamba taifa limestaarabika ni lengo kuu, na litapimwa kwa karatasi ya mahudhurio. Safu ya mwisho, ya mambo yanayodhaniwa, ndiyo yenye ukweli mwingi kuliko zote na ndiyo isiyosomwa: humo huandikwa kwamba umeme utakuwepo, kwamba serikali itaendelea kulipa mishahara, kwamba kompyuta zitafika bandarini na kutoka. Mtu anayetaka historia fupi ya maktaba za umma za eneo hili asome safu hiyo peke yake.

Bajeti ni sehemu inayodhihirisha uwezo wa kubuni. Wafadhili wengi hulipa kwa furaha kilicho kipya: kompyuta, vishikwambi, mafunzo, bango, fulana zenye nembo mbili, na posho ya siku za kujengewa uwezo. Kisicholipwa kwa urahisi ni kilichopo tayari: mshahara wa mkutubi, gundi ya kukarabati vitabu, bili ya intaneti ya mwezi ujao. Kwa sababu hiyo hakuna mkutubi anayeomba pesa ya kuendelea kufungua mlango saa mbili asubuhi. Huomba pesa ya "mfumo jumuishi wa upatikanaji wa huduma", na mlango umo ndani yake, mahali fulani kwenye mstari wa gharama ndogondogo. Maktaba ya ngamia ya Garissa, iliyoanzishwa na Huduma ya Taifa ya Maktaba ya Kenya mwaka 1996 ili kuwafikia wafugaji wanaohama, ilipigwa picha na magazeti ya nchi nyingi, na kwa haki kabisa, kwani iliwafikishia vitabu watoto ambao gari lisingewafikia. Ngamia aliyebeba masanduku ya vitabu huuelewesha mradi kwa mtazamo mmoja. Kwamba ngamia hula pia siku ambazo hakuna mpiga picha ni jambo la kisanduku kingine.

Kisanduku hicho huitwa uendelevu, na ni mjukuu halali wa asilimia 10 ya Bertram. Swali ni lilelile: fedha zikiisha, nani atalipa? Lililobadilika ni jibu. Mji wa wakati wa Carnegie ulilazimika kupitisha azimio la baraza, na kiasi kikaandikwa kwa tarakimu. Andiko la kisasa hukubali nathari. Huandikwa kwamba jamii itaumiliki mradi, kwamba wadau watashirikishwa tangu hatua za awali, kwamba halmashauri imeonyesha utayari, na kwamba chama kitabuni vyanzo mbadala vya mapato. Chanzo mbadala kinachobuniwa mara nyingi zaidi ni andiko jingine. Huu ni uendelevu wa kweli, ingawa si wa maktaba: kazi ya kuomba hujizalisha yenyewe, na haijawahi kukosa wito mpya. Hata programu ya maktaba ya wakfu wa Bill na Melinda Gates, iliyoanza mwaka 1997 ikaenea nchi nyingi, ilifungwa mwaka 2018 kama ilivyotangazwa. Vyama vikageukia mlango mwingine, na mtindo wa kuandika ulikuwa umeshakomaa.

Kuwasilisha andiko hutoa faida za kiroho. Mfumo wa mtandaoni wa mfadhili wa Ulaya huweza kufungwa dakika moja kabla ya usiku wa manane wa Brussels, ambayo Dodoma ni saa nane kasoro dakika moja usiku wakati wa baridi ya Ulaya, na saa saba kasoro dakika moja wakati wa kiangazi chao. Mweka hazina anayejua tofauti hiyo bila kuangalia popote ni hazina kweli. Usiku huo viongozi ambao hawajakutana tangu mkutano mkuu hujikuta kwenye simu pamoja, wakitafuta barua ya mkaguzi wa hesabu, wakibishana kuhusu idadi ya wanawake kwenye kamati, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi wanajiuliza chama ni cha nini. Hakuna semina ya mipango mkakati iliyowahi kufikia hapo kwa gharama ya vocha tu.

Jibu la kukataliwa nalo linastahili sifa. Huja kwa heshima, hushukuru, hueleza kwamba maombi yalikuwa mengi na ya ubora wa juu, na halitoi sababu inayoweza kumvunja mtu moyo. Chama kilichokataliwa hubaki na umoja wake. Hakuna gari la kugombea, hakuna akaunti ya kukaguliwa, na andiko lenyewe lipo, tayari kubadilishwa jina la mfadhili na mwaka, kazi inayohitaji uangalifu kwa sababu jina la zamani hupenda kubaki kwenye ukurasa wa kumi na moja.

Kukubaliwa ndiko kunakoleta taabu. Mfadhili hutaka akaunti ya benki ya mradi peke yake, yenye watia saini watatu, na mmoja wao huwa masomoni nje ya nchi. Kila ununuzi huhitaji nukuu tatu za bei, hata pale ambapo muuza karatasi mjini ni mmoja. Yeye mwenyewe, kwa wema, hutafuta nyingine mbili. Bajeti iliyoandikwa kwa dola hufika kwa shilingi, na kati ya siku ya kuandika na siku ya kupokea shilingi huwa imefanya safari yake. Kompyuta hubandikwa nembo ya mfadhili kwenye kioo, pembeni, mahali ambapo kidole cha mtoto huifikia, na kabla ya mwaka kwisha imebaki gundi. Mratibu wa mradi huajiriwa kwa miezi kumi na minane na hulipwa zaidi ya mkutubi mwenyeji. Kwa muda huo wote mkutubi mwenyeji humwonyesha vitabu vilipo.

Mwisho wa muda huandikwa taarifa ya utekelezaji. Ina picha za watu walioketi ukumbini, maelezo ya changamoto zilizokuwa nje ya uwezo wa chama, na mafunzo yaliyopatikana, yakiwa yameandikwa kwa namna ya kuonyesha hitaji la awamu ya pili. Risiti hupangwa kwa tarehe na kunakiliwa, kwa sababu maandishi ya mashine za dukani hufifia kabla ya mkaguzi kufika. Vifaa hukabidhiwa halmashauri kwa hati iliyotiwa saini. Kama kuna salio, hurudishwa kwa mfadhili ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba, na ada ya benki ya kulituma hulipwa na chama kutoka kwenye michango ya wanachama.