Visa na Mikosi ya Maabara ya Seli

Utafiti wa seli na DNA, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kuhamisha matone kutoka kichupa kimoja kwenda kingine. DNA iliyoyeyushwa haina rangi, vimeng'enya havina rangi, maji nayo ndiyo kabisa, na tone lenyewe mara nyingi ni mikrolita moja au mbili, yaani sehemu moja au mbili za milioni ya lita. Ndiyo maana ajali za fani hii hazina kishindo. Mambo yakiharibika kwenye maabara ya kemia, jengo zima husikia. Yakiharibika kwenye maabara ya seli, kila mtu huendelea kuchapa kazi kwa furaha mpaka majibu yatoke.

Mkosi wa kwanza ni wa majina. Vichupa huandikwa kwa makapeni, na meza hupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70, ambayo huua vijidudu na kufuta maandishi kwa ufanisi uleule. Kinachobaki ni boksi la vichupa vinavyofanana, vyote vikiwa na kitu kinachofanana na maji. Mgeni wa kazi huandika 1, 2, 3, akiamini kwamba miezi sita baadaye, mbele ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, atakumbuka namba 2 ilikuwa nini. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkosi wa pili ni wa waya. Ili kujua urefu wa vipande vya DNA, mtafiti hudondosha sampuli kwenye vishimo vya jeli ya agarosi, kisha hupitisha umeme. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo hukimbilia upande wa chanya, vipande vifupi vikitangulia. Waya zikipishana, DNA haibishani na mtu: hugeuka, hutoka nje ya jeli kwa upande wa nyuma na kupotelea kwenye maji ya chumvi. Kifaa hakipigi king'ora. Taa inawaka, viputo vinapanda vizuri, na mtafiti anakwenda kunywa chai kwa amani. Rangi ya buluu iliyochanganywa na sampuli ingemwonya ndani ya dakika chache, laiti angeitazama inaelekea wapi.

Mkosi wa tatu ni wa PCR, mbinu ya kurudufisha DNA iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu; kwa hesabu ya karatasini, mizunguko 30 hutoa zaidi ya nakala bilioni moja kutokana na kipande kimoja. Mashine haichagui. Mate ya mtafiti au vumbi la jaribio la jana, vikiingia na kufanana na kinachotafutwa, hurudufishwa kwa bidii ileile. Kwa sababu hiyo, kila jaribio huwa na kichupa kimoja kisichotiwa DNA bali maji matupu. Maji hayo yakitoa majibu, na mara nyingine hutoa, hakuna jibu lolote la siku hiyo linaloaminika.

Polisi wa Ulaya walilipata somo hili kwa gharama kubwa. DNA ya mwanamke mmoja asiyejulikana ilikutwa katika matukio yapatayo 40 ya tangu mwaka 1993 nchini Ujerumani, Austria na Ufaransa, kuanzia mauaji hadi wizi mdogo. Zawadi ya euro 300,000 ilitangazwa. Mwaka 2009 DNA hiyohiyo ilipoibuka kwenye hati za mwanamume, ndipo macho yakageukia vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Aliyekuwa akisakwa ni mfanyakazi wa kiwandani aliyehusika na kuvifungasha, asiye na kosa lolote. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, lakini kutakasa huua vijidudu tu, DNA hubaki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mkosi wa nne huwapata wafugaji wa seli. Seli za binadamu hulishwa sukari, amino asidi na seramu ya ndama, zikihifadhiwa kwenye nyuzi 37. Hiyo ni karamu isiyo na bawabu. Seli hugawanyika takriban mara moja kwa siku, ilhali bakteria kama E. coli huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Mshindi anajulikana kabla ya mechi. Chakula kilichoachwa Ijumaa kikiwa chekundu hukutwa Jumatatu kimekuwa cha njano, na kina harufu. Mikoplasma ni wajanja zaidi: hawana ukuta wa seli, hivyo penisilini haiwadhuru, na chakula hubaki kimeng'aa huku wakivuruga kila kipimo kimyakimya.

Mvamizi mwingine ni seli yenyewe. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, seli za saratani zilichukuliwa kwa Henrietta Lacks bila ridhaa yake, zikaitwa HeLa, na zikawa seli za kwanza za binadamu kuendelea kuzaliana maabarani bila kikomo. Zikaanza pia kuhamia vyombo vya jirani. Mwaka 1966 mtafiti Stanley Gartler aliwaeleza wanasayansi wenzake kwamba koo 18 za seli, zilizodhaniwa kutoka kwa watu tofauti, zote zilikuwa HeLa. Watafiti walikuwa wameandika matokeo ya viungo mbalimbali vya mwili huku wote wakichunguza seli za mtu mmoja. Leo majarida kadhaa hudai seli zipimwe utambulisho wake kabla ya makala kuchapishwa.

Kwa hiyo mtafiti anayejigamba kwamba jaribio lake halijawahi kumsaliti asipongezwe haraka. Aulizwe kwanza kama huwa anaweka kile kichupa cha maji.