Hewa Bombani: Shajara ya Mtaa wa Dallas, Embu

Jumatatu. Mfereji wa ploti umekohoa hewa, kisha maji ya kahawia, kisha hewa tena. Mama wa mlango wa pili ametega mtungi wa lita 20. "Mwanangu, haya ni maji au ni upepo?" Nimemwambia, "Vyote, mama." Maji yakifungwa kwa mgao, hewa huingia bombani. Yakifunguliwa, hewa husukumwa hadi sehemu zilizoinuka, ikanaswa huko na kubana njia.

Jumanne. Nimeliigiza bomba hilo kwenye kompyuta kwa OpenFOAM, programu isiyolipiwa. Bomba hugawanywa vyumba vidogo sana. Chumba cha maji matupu hupewa 1, cha hewa tupu 0, na chenye vyote viwili hupewa sehemu ya moja. Hirt na Nichols waliichapisha mbinu hii mwaka 1981. Saa mbili usiku stima imepotea. Betri ya laptopu haikai na chaji.

Jumatano. Stima imerudi, hesabu imeendelea pale ilipohifadhiwa. Inakwenda polepole. Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara elfu moja, na muda lazima ukatwe vipande vifupi mno ili maji yasiruke chumba. Feni imevuma usiku kucha. Jirani amegonga ukuta.

Alhamisi. Mfereji mkavu. Nimenunua maji ya mkokoteni. Jioni mfereji umetoa hewa, na mita ikazunguka. Mpangaji anaweza kulipia hewa.

Ijumaa. Mvua. Bati limevuja juu ya meza, kwa hiyo laptopu imelala kitandani. Rafiki ameuliza hesabu hii ni ya nini. Nimemtajia Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981, mwaka ule ule mbinu hii ilipochapishwa. Visima vya huko hutoa mvuke na maji moto kwa pamoja, na ni lazima hivyo viwili vitenganishwe kabla mvuke haujafika kwenye mitambo. Hesabu za huko ni ngumu zaidi, kwa kuwa maji hugeuka mvuke njiani.

Jumamosi. Hesabu imekwisha. Hewa imekaa kwenye mwinuko wa bomba, na maji yanapenya chini yake kwa upenyo mwembamba. Dawa inajulikana: vali ya kutoa hewa kwenye kila mwinuko. Wanaolaza mabomba mapya Embu na Meru waipigie hewa hesabu pamoja na maji, na vali ziwekwe kabla mitaro haijafukiwa.